Punda shambani na nyumbani: kazi anazofanya, mzigo anaoweza na namna ya kumtunza

Katika vijiji vingi vya Halmashauri ya Ushetu, wilayani Kahama, maji ya kunywa, kuni, magunia ya mahindi na marobota ya tumbaku hufika yanakokwenda kwa nguvu ya punda. Hata hivyo, mnyama huyu mara nyingi hupata matunzo ya mwisho baada ya ng'ombe, mbuzi na hata kuku. Matokeo yake huchoka akiwa bado kijana, hupata vidonda mgongoni, na siku moja huuzwa mnadani kwa bei ya haraka. Siku hiyo dumu la maji hurudi kichwani kwa mama na watoto.

Katika makala hii tunaeleza kazi ambazo punda anaweza kuifanyia familia, kiasi cha mzigo anachoweza, vifaa vinavyomfaa, chakula na magonjwa yake, na jinsi ya kupiga hesabu kabla ya kumuuza.

Kwa ufupi

- Punda mmoja wa kienyeji abebe mgongoni kilo 40 hadi 50 tu. Hiyo ni sawa na madumu mawili ya lita 20.
- Mkokoteni wenye matairi humwezesha kusogeza mzigo mkubwa zaidi bila kumuumiza mgongo.
- Nira ya ng'ombe haimfai punda. Punda huvuta kwa kifua.
- Apate maji safi kila siku, hata siku asiyofanya kazi.
- Dawa za ng'ombe, hasa za kuogesha, zisitumike kwa punda bila kumuuliza afisa mifugo.

Mnyama wa asili ya Afrika

Punda ni mnyama wa kwetu. Tafiti za vinasaba zilizochapishwa mwaka 2022 zinaonyesha kuwa watu wa kaskazini-mashariki mwa Afrika walianza kumfuga yapata miaka 7,000 iliyopita. Mwili wake uliumbika katika nchi kavu. Anavumilia kiu na jua kuliko ng'ombe na farasi, na anaweza kuishi kwa majani makavu ambayo wanyama wengine hawashibi.

Kwa ukanda wetu, hata hivyo, kazi ya punda si ya zamani sana. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka Unyamwezi hadi Bagamoyo ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo. Wadudu hawa wa mapori ya miombo hueneza ugonjwa wa nagana, uliokuwa ukiua wanyama wa mizigo njiani. Mapori yalivyofyekwa na mashamba kuongezeka, ng'ombe na punda walipata nafasi. Hadi leo, familia zinazoishi jirani na mapori lazima zijihadhari na ugonjwa huo, kama tutakavyoeleza.

Kazi za nyumbani

Kazi ya kwanza ni maji. Tuchukue familia inayotumia lita 100 kwa siku, na kisima kiko kilometa 3 kutoka nyumbani. Mama anayebeba ndoo ya lita 20 atakwenda na kurudi mara tano, yaani kilometa 30. Hakuna anayeweza kufanya hivyo kila siku, kwa hiyo familia hujibana na kutumia maji machache, au mtoto huchelewa shule. Punda mmoja mwenye madumu mawili mgongoni atakwenda mara tatu. Punda mmoja mwenye mkokoteni wa madumu kumi, katika njia tambarare, atamaliza kwa safari moja na maji mengine yatabaki kwa kesho.

Kazi ya pili ni kuni. Punda humpunguzia mama mzigo wa kichwani, na mkokoteni huwezesha kuleta kuni za wiki kwa safari moja. Kazi nyingine ni kupeleka mahindi au mpunga mashineni, kubeba tofali, mchanga na mabati wakati wa ujenzi, na hata kumfikisha mgonjwa au mjamzito barabara kuu pale ambapo pikipiki haipiti kwa sababu ya tope.

Kazi za shambani

*Kusafirisha pembejeo na mavuno.* Mbolea na mbegu hutoka kijijini kwenda shambani, kisha mavuno hurudi. Kwa wakulima wa tumbaku kuna safari nyingine nyingi: majani mabichi kutoka shambani hadi kwenye bani, kuni za kukaushia, halafu marobota kwenda kwenye ghala la chama cha ushirika. Majani ya tumbaku yakichelewa juani hupoteza ubora, kwa hiyo usafiri wa karibu una maana kubwa katika mfuko wa mkulima.

*Palizi.* Punda ni mwepesi na hutembea kwa hatua ndogo zilizo sawa. Akifundishwa, hupita katikati ya mistari ya mahindi, pamba au karanga bila kukanyaga miche. Punda mmoja au wawili wanaweza kuvuta jembe jepesi la palizi. Sharti lake ni shamba kupandwa kwa mistari yenye nafasi inayolingana.

*Kulima.* Katika udongo wa kichanga, punda wawili hadi wanne wanaweza kuvuta plau ndogo. Katika udongo mweusi mzito wa mbugani, kazi hiyo waachiwe maksai. Usimfunge punda na ng'ombe pamoja kwenye nira moja. Mwendo wao haulingani, na mmoja ataumia.

*Samadi.* Punda hacheui, kwa hiyo mbegu nyingi za magugu hupita tumboni mwake zikiwa hai. Ukimwaga kinyesi kibichi shambani utakuwa umepanda magugu. Kirundike, changanya na majani na mabaki ya jikoni, nyunyiza maji, geuza mara kwa mara, na uache kiive kwa miezi miwili au mitatu.

*Ulinzi.* Katika milima ya Andes huko Amerika Kusini, wakulima wana mnyama wa mizigo aitwaye lama. Huko Marekani, lama na punda huwekwa katikati ya kundi la kondoo ili kufukuza mbwa na wanyama wadogo wanaowinda, kwa sababu wote wawili hawapendi mbwa. Punda hulia kwa sauti kubwa, hung'ata na kupiga mateke. Lakini tusitegemee kupita kiasi: kundi la fisi humshinda punda na kumla. Usiku alale ndani ya zizi imara.

Kazi za kipato

Vijana wengi hukodisha mkokoteni wao kwa siku au kwa safari. Wapo wanaouza maji, wanaobeba mizigo siku za mnada na wanaosomba matofali. Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Kahama na Geita, mikokoteni hubeba maji, kuni, magogo na viroba vya mawe.

Hapa tunatoa tahadhari mbili. Ya kwanza: mawe ni mazito kuliko yanavyoonekana, kwa hiyo hesabu kilo, usihesabu viroba. Ya pili: usimnyweshe punda maji ya mabwawa ya kuoshea dhahabu. Maji hayo huweza kuwa na zebaki au sayanidi. Sayanidi huua mnyama kwa muda mfupi, na zebaki hujikusanya mwilini taratibu. Beba maji yake safi kutoka nyumbani.

Mzigo kiasi gani?

Punda wengi wa kienyeji waliokomaa wana uzito wa kilo 110 hadi 150. Kanuni rahisi ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake.

- Mgongoni: kilo 40 hadi 50, zigawanywe sawa kulia na kushoto.
- Mkokoteni wa punda mmoja, njia tambarare na matairi yenye upepo: karibu kilo 200.
- Mkokoteni wa punda wawili, njia kama hiyo: karibu kilo 400, yaani magunia manne ya kilo 100.
- Njia ya mlima, mchanga mwingi au tope: punguza mzigo hadi nusu.

Madumu manne ya lita 20 yaliyojaa yana zaidi ya kilo 80. Huo ni zaidi ya nusu ya uzito wa punda wengi. Ataweza kutembea nayo, ndiyo, kwa sababu punda haonyeshi maumivu upesi, lakini uti wa mgongo na viungo vinachakaa. Na mtu asipande juu ya mzigo.

Muda wa kazi nao una mipaka. Saa nne hadi sita kwa siku zinatosha, pamoja na mapumziko na maji kila baada ya saa mbili. Mpe angalau siku moja ya kupumzika kila wiki. Anza kumfundisha kazi nyepesi akiwa na miaka mitatu, na mizigo kamili akifika miaka minne. Punda anayeanzishwa mapema huharibika miguu kabla hajakulipa.

Nira ya ng'ombe si ya punda

Ng'ombe wetu ana nundu na shingo nene, ndiyo maana nira hukaa juu ya mabega yake na kusukumwa. Punda hana nundu. Nira ikiwekwa shingoni kwake hukaa juu ya mfupa, huchubua ngozi na kumzuia kutumia nguvu zake. Nguvu ya punda iko kifuani.

Kifaa kinachomfaa ni mkanda mpana wa kifua. Unaweza kushonwa na fundi wa kijijini kwa turubai, mkanda wa gari uliochakaa au ngozi, ukiwa na upana wa sentimeta 8 hadi 10 na kitambaa laini upande wa ndani. Usiwe juu sana ukamkaba koo, wala chini sana ukazuia miguu. Ongeza mkanda wa mgongoni wa kubeba uzito wa mikono ya mkokoteni, na mkanda wa nyuma ya mapaja. Huu wa nyuma ndio breki yake: bila huo, mkokoteni humgonga miguu kila anapoteremka.

Kwa mzigo wa mgongoni, weka tandiko nene la magunia yaliyojazwa majani makavu, likiwa na mfereji katikati ili uzito ukae pande mbili za mbavu na usiguse uti wa mgongo. Kamba za nailoni na waya hukata ngozi, kwa hiyo visiguse mwili moja kwa moja. Tandiko likilowa jasho, lianike. Vidonda vingi huanzia kwenye tandiko lenye jasho kavu, mchanga au mikunjo.

Fimbo haimfanyi punda awe na nguvu zaidi. Punda anaposimama ghafla, mara nyingi ana sababu: ameogopa, ameumia, au mzigo umemlemea. Kagua kwanza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama.

Chakula na maji kwa misimu yetu

Punda mkubwa anahitaji lita 10 hadi 25 za maji kwa siku, kutegemea jua na kazi. Wapo wanaodhani kuwa kwa vile anavumilia kiu, hahitaji maji. Kuvumilia si kutohitaji.

Chakula chake kikuu ni majani na mabua. Tatizo la mkoa wetu ni kalenda. Kiangazi huanza karibu Mei, na ifikapo Septemba na Oktoba malisho yamekwisha. Mvua zikianza Novemba, kazi ya shamba huanza kwa kasi, wakati huo huo punda akiwa amekonda kuliko wakati wowote wa mwaka. Mkulima mwenye mipango huanza kumwongezea chakula tangu Agosti.

Tunayo njia ya wazee wetu: ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili litumike kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI na kuanza mwaka 1986, ulizirudishia ngitili heshima yake katika mkoa huu. Hata kipande kidogo kinaweza kumwokoa punda mmoja. Ongeza mabua ya mahindi, majani ya karanga, nyasi za mpunga na majani ya viazi vitamu, vyote vikianikwa vizuri na kuhifadhiwa juu ya kichanja. Pumba mpe kidogo, na chumvi ya mifugo iwepo.

Mambo ya kuepuka:

- Mahindi na karanga zenye ukungu, kwa sababu ya sumukuvu.
- Majani ya tumbaku na malisho yaliyopuliziwa dawa.
- Chakula cha kuku cha dukani. Baadhi huwa na dawa za kuzuia koksidiosisi ambazo kwa kuku ni salama lakini zinaweza kumuua punda.
- Mifuko ya plastiki kwenye jalala. Punda hawezi kutapika, na kitu kikiziba utumbo humletea maumivu makali ya tumbo.

Kwato, vidonda na magonjwa

Kila jioni, pitisha mkono mgongoni, kifuani na miguuni. Dakika tano zinatosha kugundua mchubuko kabla haujawa kidonda. Kidonda kioshe kwa maji safi yaliyochemshwa na chumvi kidogo, zuia nzi, na mpumzishe mpaka kipone. Oili chafu, majivu na asidi ya betri havitibu kidonda, vinakichoma.

Kwato zisafishwe kwa kijiti kila siku na zipunguzwe kila baada ya wiki sita hadi nane na mtu anayejua kazi hiyo. Kwato ndefu hupindisha mguu na kumfanya achechemee.

Magonjwa ya kuangalia:

- *Pepopunda.* Jina lenyewe linatukumbusha. Vijidudu huishi kwenye udongo na kinyesi, huingia kupitia vidonda, na hukakamaza mwili. Chanjo ipo, muulize daktari wa mifugo.
- *Nagana.* Mnyama hukonda, hupata homa ya vipindi na kuvimba sehemu za chini ya tumbo au miguu. Kwa wanaoishi karibu na mapori, hii ni hatari ya kweli.
- *Minyoo.* Tumbo kubwa, manyoya makavu, kukonda ingawa anakula.
- *Kichaa cha mbwa.* Punda aliyeng'atwa na mbwa asiyejulikana aripotiwe mara moja. Usimtie mkono mdomoni.
- *Tumbo kuuma.* Anajigaragaza, anatazama ubavu, hali. Muite mtaalamu siku hiyo hiyo. Punda anayekataa kula ni mgonjwa tayari, hata kama amesimama kimya.

Kuhusu dawa tunasisitiza: punda si ng'ombe. Dawa za kuogesha zenye amitrazi, zinazotumika sana kuua kupe wa ng'ombe, zinaweza kusimamisha utumbo wa punda. Sindano za nagana nazo zina vipimo tofauti, na ukizidisha unaua. Soma lebo, kisha mpigie afisa mifugo wa kata kabla ya kutumia.

Uzazi wake ni wa polepole

Jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo atahitaji miaka mitatu hadi minne kabla ya kufanya kazi kamili. Kwa hiyo punda anayeuzwa leo hubadilishwa na mwingine baada ya miaka mitano hivi. Jike mwenye mimba asifanye kazi nzito katika miezi mitatu ya mwisho, na apumzishwe angalau mwezi mmoja au miwili baada ya kuzaa. Kwa upande mwingine, punda aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Mashine gani nyingine ya kijijini hudumu hivyo?

Biashara ya ngozi

Tangu miaka ya 2010, ngozi za punda wa Afrika zimekuwa zikitafutwa kutengeneza ejiao, dawa ya asili ya China itokanayo na ngozi hiyo ikichemshwa. Machinjio ya punda yaliwahi kufanya kazi hapa Shinyanga na Dodoma. Nchini Kenya, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilieleza mwaka 2019 kuwa punda zaidi ya 300,000 walichinjwa kati ya mwaka 2016 na 2018. Wizi wa punda uliongezeka, na familia ziliamka asubuhi zikakuta zizi tupu.

Desemba 2022 mkutano wa Afrika nzima kuhusu punda ulifanyika Dar es Salaam. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima.

Kwa mfugaji wa Ushetu, maana yake ni hii: anayepita usiku kununua punda kwa ajili ya ngozi hapaswi kuuziwa. Punda wako awe na alama inayotambulika, alale zizini, na ukimuuza au kumnunua, biashara hiyo ifanyike mbele ya uongozi wa kijiji na kwa kibali cha mifugo. Akiibwa, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi mapema, kwa sababu kila saa inayopita inamsogeza mbali.

Kabla ya kuuza, piga hesabu

Shida ya fedha huja: ada, matibabu, njaa. Hatusemi punda asiuzwe kamwe. Tunasema kwanza kaa na familia yako, na mama awepo, kwa maana yeye ndiye ajuaye safari za maji.

Andika kazi zote anazofanya punda kwa wiki. Mbele ya kila kazi andika ingegharimu kiasi gani kulipia toyo, bodaboda au muuza maji. Tuseme kwa mfano dumu moja la maji kijijini kwenu ni shilingi 200, na mnatumia madumu matano kwa siku. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa siku, 30,000 kwa mwezi, na 360,000 kwa mwaka wa siku 360, kwa maji pekee. Weka bei za kwenu, kisha ongeza kuni, mashineni, mbolea na mavuno. Linganisha jumla hiyo na fedha unayoahidiwa mnadani mara moja tu.

Kama hata hivyo lazima uuze mnyama, familia nyingi zitagundua kuwa mbuzi wawili au watatu hurudishwa zizini kwa mwaka mmoja au miwili. Pengo la punda halizibiki upesi hivyo.